Aliyepewa Kufuli

Jumanne, Kibwezi. Jua limeanza kuchoma kabla sijamaliza chai, na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nimeamka nikiwa nimechoka.

Kaka yangu Kioko yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Huamka mapema, huenda shambani karibu na mto, huchuma bamia zangu vizuri kuliko mimi, kisha hukaa tu. Watu wa kanisa wanadhani yuko likizo, nami sijawasahihisha.

Kioko alienda Pwani akiwa kijana, akapata kazi kwenye marina, pale matajiri wanapoegesha boti zao za starehe. Alianza kwa kuosha boti, baadaye akawa soja wa geti. Akamwoa Kadzo, binti wa kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa marina. Nilipowatembelea niliona jinsi kijiji kile kilivyotegemea mahali pale. Mafundi walishona matanga na kupaka boti rangi. Kina mama waliwauzia mabaharia viazi karai. Na wote walipita geti dogo kwenda ufuoni, wavuvi wanaposhusha samaki. Mama yake Kadzo alipita hapo kila asubuhi na beseni lake, kununua samaki wa kuuza. Mwenye marina wa wakati huo hakumzuia mtu.

Mwaka huu marina iliuzwa. Wamiliki wapya hawakutaka harufu ya samaki karibu na wageni wao. Wakaamuru geti dogo lifungwe, wanakijiji wazunguke kupitia kwenye mikoko. Maji yakijaa, njia hiyo haipitiki.

Aliyepewa kufuli ni Kioko.

Alinipigia simu siku hiyo kuniuliza afanye nini. Hili sijamwambia mtu hapa, na naliandika kwa sababu limenilemea. Nilikuwa dukani, wateja wananisubiri, nikamjibu haraka haraka: "Fanya unavyoambiwa. Kazi ukiiacha utaipata wapi nyingine?"

Akafunga geti.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe wake akafika na beseni. Kioko akamwambia geti halifunguliwi. Mama hakubishana. Aliweka beseni chini, akamtazama kwa muda, akalichukua tena na kurudi alikotoka. Tangu siku hiyo kijiji kizima kiliacha kuongea na Kioko. Alivumilia siku chache, akapeleka ufunguo ofisini, akapanda basi. Mke na watoto akawaacha. Ufunguo alipewa mtu mwingine na geti limebaki limefungwa.

Kwa hiyo amepoteza kazi, amepoteza na watu wake, na hakuna kilichobadilika.

Leo adhuhuri Kadzo alinipigia. Alisema watoto wanamuuliza baba atarudi lini. Mama yake siku hizi hununua samaki kwa mtu wa pikipiki, si wabichi tena, na wateja wamepungua. Aliongea polepole bila kulaumu mtu, nami nikashindwa kujizuia. Nikamwambia ni mimi niliyemshauri Kioko afunge.

Nilimsikia akiwaambia watoto watoke nje kwanza.

"Wifi, mama alijua lazima angefunga," akasema. "Kilichomuuma ni kwamba Kioko alisimama pale kama hamjui. Hata shikamoo hakumpa."

Akaomba kuongea naye. Nikapeleka simu mpaka shambani. Kioko aliitazama, akatikisa kichwa. Nikamweleza alichosema mkewe.

"Ningempa shikamoo, ningemfungulia," akasema.

Kisha akainama tena kwenye bamia.

Kadzo alikuwa bado yuko kwenye simu, amesikia kila kitu. Baadaye akakata mwenyewe.

Nimejaribu kuomba na sijui niombe nini. Watu wanaoweza kufungua geti lile siwajui hata kwa majina. Na huyu ninayemjua tangu tumbo la mama yetu, niko naye boma moja na siwezi kumfikia.

Kesho nitampigia mama yake Kadzo mwenyewe. Nitamwambia kwamba sauti iliyosema afunge ilikuwa yangu.

Lakini akishajua, itamsaidia nani?