Namba 287

Corwin, Indiana
3 Juni 1956

Kwako binti yangu Leota,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti la kushoto tu linalojifanya mzee. Mahindi yamefika kifundo cha mguu na mvua si haba. Wewe hujambo? Mumeo Howard na kifua chake? Mwambie aache zile sigara za mnanaa, hazimsaidii.

Naandika kwa penseli ya useremala, usinicheke. Neno lenyewe ni hili. Kuna bwana mmoja hapa, Duane Kessel, fundi wa matrekta. Amefufua ndege ya mabawa mawili ya zamani zile, anataka kuirusha kwenye maonyesho ya wilaya mwezi wa nane. Alinijia barazani, kofia mkononi. "Mzee Stauffer, ndege ninayo, propela sina." Nikamwambia, "Basi huna ndege mwanangu, una banda la kuku lenye magurudumu." Akacheka, kwa hiyo nikampenda.

Anataka propela ya Stauffer, hataki nyingine. Na anajua anachokisema. Nimetengeneza propela mia nne na kumi na mbili, kwa mbao za mjozi nilizochagua mwenyewe msituni, na mizani yangu ilikuwa kali hata inzi akitua kwenye bawa moja utaliona linashuka. Wale wa viwandani wenye digrii walikuja kunichungulia dirishani. Duniani nijuavyo mimi imebaki moja, namba 287, niliyokupa siku ya harusi yako. Nitumie. Nataka kuisikia ikiunguruma mara moja kabla sijafukiwa.

Nasubiri.

Baba yako,
propela 412, iliyovunjika hakuna


Toledo, Ohio
12 Juni 1956

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia u mzima. Howard anakohoa kidogo asubuhi, lakini kazini anakwenda. Mimi sijambo. Nimekutumia soksi mbili za sufu kwa ajili ya goti.

Propela siwezi kuituma. Imetundikwa ukutani juu ya meko tangu tulipohamia, imesimama wima, na Howard ametia saa kwenye tundu la kitovu. Watu hapa hufanya hivyo. Tumeizoea.

Mwambie Bwana Kessel anunue ya chuma.

Binti yako,
Leota


Corwin
15 Juni 1956

Leota,

Soksi zimefika, zinanitosha. Goti vilevile.

Wima! Wewe umelelewa kwenye vumbi la mbao, unajua propela ya mbao hulazwa, haisimamishwi, unyevu wa mti usije ukateremkia ncha moja. Hata mbwa wangu anajua. Na saa! Nikitaka saa nitatazama jua. Umemchukua ng'ombe wa maziwa ukamfanya kiti.

Iteremshe leo, ilaze juu ya meza mbili, uniambie kwa nini kweli hutaki kuitoa. Wewe si mtu wa kupenda saa.

Kama ni habari ya kaka yako, nimeshasema na nasema tena. Merle hakuangushwa na propela yangu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, wasichana walikuwa wanatazama, akaruka chini chini kujionyesha. Nilisema hivyo mwaka wa 28 kwa kinyozi mbele ya watu wote, na hakuna aliyenibishia.

Baba yako,
propela 412, iliyovunjika hakuna


Corwin
2 Julai 1956

Leota,

Hujambo? Wiki mbili kimya. Duane amepita tena, nimemwambia barua inakuja. Huku joto, hata kuku wamekaa chini ya gari. Mama yako angekuwapo angekwambia mtu hujibu barua ya mzazi hata kama jibu ni hapana.

Baba yako


Toledo
19 Julai 1956

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini joto limepungua na unakula mchana, si kahawa tupu. Sisi tu wazima.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika tu ilivyokuwa.

Unakumbuka kazi yangu karakanani. Wewe na Merle mlipaka gundi ya moto na kubana mbao, wewe ukachonga, Merle akafunika ncha kwa bati la shaba. Mimi nilikuwa natoboa matundu matatu kwenye shaba ya kila ncha, madogo kama ya sindano, ili unyevu wa mti urushwe nje propela inapozunguka. Uliniambia, "Tundu likikosekana maji hukaa chini ya shaba, mti unaoza kimyakimya."

Aprili ya mwaka 1928 mlimaliza mbili pamoja, 287 na 288. Ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na dansi ghalani kwa akina Ruppel na nguo yangu ilikuwa bado haijapigwa pasi. Nikasema nitatoboa Jumatatu. Jumatatu zilikuwa zimeshapakwa vanishi, namba zimegongwa, na 288 Merle ameifunga kwenye ndege yake. Sikusema. Septemba akaanguka.

Uliponipa 287 siku ya harusi nilienda nayo chumbani nikazitazama ncha kwa mwanga wa dirisha. Hakuna tundu hata moja, Baba. Ndiyo maana nikaitundika wima, makusudi, na saa nilimwomba Howard mimi. Nilitaka iharibike ili asije mtu akairusha.

Merle hakuwa anajionyesha. Kila Krismasi unaposema hivyo mezani mimi huinuka kwenda kutazama pai. Nilikuchukia kwa maneno hayo, na sikuweza kukubishia bila kujitaja. Sasa nimejitaja. Waambie watu au usiwaambie, lakini usimseme tena Merle.

Binti yako,
Leota


Corwin
6 Agosti 1956

Kwako binti yangu Leota,

Salamu. Mimi mzima. Mchana nakula, Bibi Tice huniletea supu nisiyoiomba.

Barua yako nimeisoma siku tatu, nasoma polepole kama ujuavyo.

Nilijua. Siku aliyoanguka Merle, kule shambani kwa Ruppel, niliokota kipande cha ncha kwenye mabua, shaba bado imeshika. Nikaigeuza. Haikuwa na tundu, na mti ndani ulikuwa laini kama mkate uliolowa. Nikaiweka mfukoni. Ipo kwenye kopo la misumari, rafu ya juu.

Kutoboa ilikuwa kazi yako, kweli. Lakini karakana yangu ilikuwa na sheria moja, anayegonga namba ndiye aliyetazama kila kitu. Nyundo ile hakuishika mtu mwingine. Mimi niligonga 287 nikagonga 288, na sikutazama ncha, kwa sababu nilikuwa hodari mno wa kutazama. Ile 287 nilijiambia ni nzima, sikuthubutu kuitazama tena.

Halafu watu wakaniuliza imekuwaje. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, umekaa jikoni huli. Nikaona Merle keshakwenda, jina lake linaweza kubeba neno, wewe huwezi. Ndivyo nilivyojiambia. Jina langu nalo likapona humo humo, siwezi kukuficha hilo.

Jumamosi nimekwenda kwa Hobart kinyozi. Nikamwambia zima redio. Virgil Tice akasema, "Haya, leo Ephraim anagombea useneta." Nikasema, "Ile ya Merle ilivunjika. Kosa la karakana yangu. Kijana aliruka vizuri." Hobart akabaki na wembe hewani. Virgil akasema, "Tunajua, Ephraim. Mimi na wewe tuliokota vipande pamoja." Nikamuuliza kwa nini miaka ishirini na minane hakunibishia. Akasema, "Ungenipiga kwa nyundo." Ni kweli ningempiga. Hobart akaendelea kunyoa.

287 haitaruka. Mti uliosimama miaka yote hiyo umekwisha, iache na saa yake. Duane nimemweleza. Maonyesho ya mwaka huu yatampita, lakini kule darini nina mbao saba za mjozi zilizokauka tangu mwaka 31, zimelala, si kama ile yako. Tutabandika mwezi wa kumi. Kwa gundi ya moto mtu mmoja hatoshi, Duane atashika upande wa Merle. Kuchonga bado naweza, na kuliko yeyote Indiana hii. Lakini mkono unatetemeka, matundu ya sindano siyawezi.

Msharasi wako wa kutobolea shaba upo ulipouacha. Njoo utoboe. Safari hii sigongi namba mpaka nimetazama, na wewe umesimama hapo.

Mwambie Howard aje pia, hewa ya huku ni nzuri.

Baba yako,
propela 412, iliyovunjika moja