Jogoo wa Laisamis

Bondeni,
Nakuru.
14 Oktoba 1956.

Mpendwa wifi Rahab,

Salamu nyingi zikufikie huko Jinja, wewe na shemeji na watoto. Je, mguu umepata nafuu? Uliandika kwamba unatembea na fimbo, na tangu siku hiyo nakutaja kila ninapoomba. Huku tu wazima. Okumu wetu amefaulu mtihani, na nyumbani baba yake asipokuwapo anavaa viatu vyake. Mvua imekawia, na vumbi jeupe la ziwa linatuingilia mpaka kwenye sufuria.

Umeniuliza kama ni kweli nilimfuata ndugu yako mpaka jangwani. Ni kweli. Najua waliokuambia walikuambia kwa kunicheka, basi sasa sikia kutoka kwa mwenyewe. Mimi nina wivu, wifi, sikatai. Mwenye mume dereva asiye na wivu, huyo hampendi.

Owino siku hizi anaendesha lori la Mhindi mmoja wa hapa, anapeleka sukari na majani ya chai kwenye maduka ya kaskazini. Kila akirudi, shati lake linanukia moshi wa manukato. Husema ni moshi ambao watu wa kule wanafukizia vibuyu vya maziwa. Nikameza. Lakini mwezi wa nane alirudi kutoka sokoni na jogoo mwekundu na shoka jipya, akaviweka kando tayari kwa safari.

Wewe na mimi ni Wajaluo, sihitaji kukueleza. Mwanamume akitoka na jogoo na shoka, anakwenda kufungua boma lake, na anakwenda na mkewe na mwanawe wa kwanza. Sasa, mke ni mimi, na mimi nilikuwa uani nafua. Mwana ni Okumu, naye yuko shuleni. Kwa hivyo huko aendako kuna mke mwingine, na kuna mwana mwingine. Nilipomuuliza alisema, "Ni mzigo wa watu." Unamjua ndugu yako, akishatoa neno moja, siku hiyo imekwisha.

Nilikwenda kwa mke wa yule Mhindi, ambaye namfulia nguo, nikamlilia mpaka akamwambia mumewe aniandike kwenye pasi ya safari kama mpishi wa lori. Owino aliponiona na kikapu na mwiko alisema, "Basi panda." Utingo wake, Kiptanui, akahamia juu ya magunia, na jogoo akawa miguuni pangu.

Tulipanda Thomson's Falls kwenye baridi, tukashuka Nanyuki. Kwa sababu ya hii Hali ya Hatari askari walitusimamisha kila mahali, wakachoma magunia kwa vyuma. Isiolo tulikuta Wasomali wazee waliokuwa askari katika vita vya Mjerumani, wakapewa mahali pa kukaa pale. Kutoka hapo hupiti bila pasi. Mimi mji sikuutazama sana, nilikuwa natazama wanawake. Archer's Post, pale mtoni, mmoja alimwita Owino kwa jina. Nikashuka kwenda kumwona karibu. Alikuwa bibi kizee hana hata jino moja, anauza maziwa.

Baada ya mto ni mawe, miiba na jua. Wifi, ndugu yako ambaye nyumbani hufungua mdomo kwa ajili ya ugali tu, kule aliimba. Akanionyesha mahali magari ya vita yalipokwama wakati Mwitalia alikuwa Moyale, na vijana wetu wa Nyanza walivyobebeshwa mawe ya kutengeneza barabara hiyo. Nilisikiliza na roho inaniuma. Maneno hayo yote alikuwa nayo, na mimi nanyimwa?

Jua linakaribia kuzama tukafika Laisamis. Ni visima, vibanda vichache vya duka, na ngamia. Owino akamchukua jogoo mwenyewe, hakumpa Kiptanui, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mwisho. Akatoka mwanamke mrefu, shanga mpaka kidevuni, anacheka. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili iliyonyooka, maana kwao kuku hafugwi wala haliwi. Kando yake kuna mvulana.

Nilishuka na mwiko mkononi. Niliyomwambia ndugu yako, kwa Kijaluo, siwezi kuyaandika, barua hii inaweza kusomwa na watoto. Ndipo nikasikia sauti nyuma ya kibanda, kwa Kijaluo hichohicho: "Ni nani huyu anayetukana kwa lugha ya mama yangu?"

Alikuwa mzee Odera, mtu wa Alego. Alikuja na wale wabeba mawe wa vita, wenzake wakarudi, yeye akabaki kulinda kisima. Akaoa binti wa Kirendile, wakazaa yule mvulana. Safari kwa safari alikuwa akimsihi Owino amletee jogoo na shoka, afungue boma lake kama desturi, asije akazikwa kama mtu asiye na kwao.

Alfajiri walifanya. Mzee mbele na jogoo, mvulana na shoka, mama na kijinga cha moto. Mzee hakuwa na ndugu wa kusimama naye, akaniomba mimi, nami nikasimama. Jogoo akawika, ngamia wakashtuka, watu wakatoka kuona ni mnyama gani. Mimi nikalia. Wakadhani ni furaha.

Ulikuwa wivu, wifi. Mwanamke yule hajui hata jogoo ni wa kazi gani, naye ana boma. Mimi niliyeolewa kanisani nalala chumba cha kupanga, ukuta mmoja na mlevi. Nikienda nyumbani Gem nalala jikoni kwa mama mkwe kama mgeni, na pale palipopimwa boma letu ng'ombe wa watu wanakula majani.

Tukarudi mpaka Isiolo. Hapo Owino akasema, "Ndiyo sababu sikukuambia. Ungeniuliza letu." Nikamwambia, ndiyo, ningeuliza. Akawasha lori, tukaja Nakuru.

Basi nimenunua jogoo wangu. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda, upande wa ndugu yako, na kila alfajiri anamwikia sikioni. Wapangaji wananung'unika. Owino hajauliza ni wa nini. Wewe ni dada yake mkubwa na anakuogopa, tafadhali mwandikie.

Nisalimie shemeji, na Wariara jirani yako aliyenitumia kitambaa. Mungu aushike mguu wako na mlango wako.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, mwenye wivu,
Eucabeth Akoth

Nimefungua tena bahasha. Leo jogoo hakuwika, nikaamka na hofu kwamba amechinjwa. Upande wa Owino ulikuwa mtupu. Nimemkuta uani, amempakata jogoo, anamuuliza Okumu shule inafungwa lini.