Kwako Bwana Mkia, na kwa Wote Waliopandisha Ng'ombe kwa Dume Wetu

Mwaka umetimia tangu ulale usiamke, mdogo wangu, na sisi wa nyumbani kwako tunakuandikia hapa ambapo majirani wote watasoma.

Tangazo la kwanza la kumbukumbu yako lilikuwa limeshaandikwa. Aliliandika mwanao, lilikuwa zuri, limejaa "mcha Mungu" na "mpenda watu", na lingemfaa marehemu yeyote. Mkeo alilisoma akalirudisha mezani. Akasema, "Hapa hamna ng'ombe hata mmoja. Huyu ni nani?" Ndipo kalamu ikaletwa kwangu, mimi niliyesoma darasa moja hapa na jingine kule, kwa sababu, wanasema, baba mkubwa hana haya. Wamekosea. Ninayo, na safari hii haya yenyewe ni ya nyumba nzima.

Tunakukumbuka asubuhi kabla ya chai, ukizunguka zizini taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua wageni mlangoni. Pembe na nundu hukuziangalia. Uliangalia wanavyotembea, kwato zinavyokanyaga, nani kazaa bila kusaidiwa, nani kamwacha ndama wake analia. Ng'ombe akirusha teke alikuwa ameshajihukumu, hata awe na mwili wa kujaza lori. "Watoto wake watakuwa hivyo hivyo," ulisema, "na mimi nazeeka, siwezi kuruka ua kila siku."

Halafu unaingia jikoni na mabuti yako ya mpira.

"Bwana, hayo mabuti na sakafu yangu wamekosana nini?" mkeo anauliza.

Nawe unarudi kinyumenyume na kikombe chako, unainywea chai mlangoni, umesimama, unacheka.

Mnunuzi akija kuuliza dume fulani yukoje, hukumsifia. "Usiniulize yeye yukoje. Niulize watoto wake wakoje." Unamshika mkono, unampeleka kwa ndama, unamwacha atazame mpaka achoke. Na mimi kila niliporudi kutoka huko ninakotangatanga ulinipokea langoni, "Kaka, umekuja au unapita?" Nikisema napita, hukununa. Ulinivalisha shati lako safi, la kwangu ukalitia majini kwa mkono wako mwenyewe.

Jina la Bwana Mkia ulilipata mnadani, na mwanzoni halikuwa la heshima. Wadogo hawajui, kwa hiyo tulieleze.

Ulikuwa na dume tuliyemwita Waziri. Mpana, mpole, ndama wake walinenepa kwa majani matupu. Asiye na dume ulimwazima, mwenye uwezo ulimuuzia watoto wake, hata ikawa nusu ya mazizi ya huku yana damu ya Waziri. Zizi lako ndilo lilijaa zaidi. Ikafika mahali majike wako wengi ni ukoo wake mwenyewe. Hapo wakaanza kuzaliwa ndama waliokufa, miguu imekakamaa haikunjiki, mgongo umepinda.

Bibi daktari wa mifugo alikuja akakueleza, nasi tukisikiliza. "Waziri anabeba kasoro. Yeye haimdhuru. Karibu nusu ya watoto wake wataibeba vile vile, na hutawaona wakiumwa. Lakini mbebaji akikutana na mbebaji, ndama anaweza kuipata kwa baba na kwa mama pia. Huyo ndiye anayetoka hivi."

"Mbebaji nitamjuaje?"

"Kwa macho humjui. Ng'oa nywele za mkia, zitoke na mizizi yake, nizipeleke maabara."

Siku ya mnada ukapanda jukwaani, ukamwomba dalali kipaza sauti. "Ndugu zangu, Waziri anabeba kasoro. Mwenye mtoto wake asimpandishie ng'ombe mpaka tumpime. Nitakuja kwako mwenyewe." Kisha mmoja akapiga kelele, "Ficheni mikia, huyo anakuja!" Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Tangu hapo ukawa Bwana Mkia.

Sisi hatukucheka, lakini hatukusimama nawe. Mkeo alikuwa ndani ya gari, vioo amevifunga. Jioni mwanao alikuuliza mezani, "Baba, kwani nani alikuuliza?" Ukajibu, "Hakuna," ukaendelea kula.

Ulizunguka nyumba kwa nyumba ukishika mikia ya watu. Waliokufungia milango uliwarudia. Wabebaji wako wote uliwapeleka kwa mwenye bucha, Waziri akiwa wa kwanza. "Kwenye sufuria hana kosa," ulimwambia, "kosa lake liko kwa watoto." Ulimbakiza mmoja tu, jike tuliyemwita Shangazi kwa jinsi alivyowalea hata ndama wasio wake. Ulijua anabeba. Ulimpandishia madume safi tu, na kila alichozaa ulikiwahi mkiani kabla hakijajua kukimbia, aliyebeba akaondoka. Zizi likatulia. Watu wakarudi kununua, na waliokucheka wakaanza kutamba kwamba dume wao ametoka kwa Bwana Mkia.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa karatasi iishie.

Mwanzoni mwa ugonjwa wako mrefu, Shangazi alizaa dume. Ulikuwa huinuki. Ulimwuliza mwanao, "Huyu wa Shangazi umempima?" Akakujibu, "Kesho, baba." Ukauliza tena siku nyingine, ukajibiwa vile vile. Mwishowe hukuuliza, na sisi tukafurahi kwamba umeacha kuuliza.

Ulipokwisha zikwa, dume huyo alikuwa ameshakua. Kifua, kiuno, mwendo, upole: kila ulichokuwa ukikitafuta miaka yote kilikuwa pale kimesimama. Wageni waliokuja kutupa pole walikwenda zizini kumtazama, wakarudi wanafuta macho. Tulikuwa tukimwona yeye tunakuona wewe. Bibi daktari aliomba nywele mara kwa mara, na kila mara mwanao alisema ataleta. Usidhani ni uvivu. Sote tulikuwa tunaogopa jibu. Mzuri hivi, tuliambiana, atakuwa na nini? Wewe ulitufundisha kwamba uzuri hausemi kitu juu ya hilo, nasi tuliyajua hayo, tukamwacha apande.

Akapanda majike wetu. Majirani wakaleta wao. Chama cha wafugaji kikaja, kikamzunguka, kikasema huyu ndiye atakayepanda katika mazizi ya wanachama wote. Tukapeana mikono.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, mtamba mmoja tuliyemnunua kwa jirani, naye pia bila kumpima, alizaa uzao wake wa kwanza. Ndama alitoka amekufa. Miguu imekakamaa, mgongo umepinda. Hatukuhitaji kuambiwa na mtu.

Mwanao alichukua koleo akaenda nyuma ya banda. Mkeo akamfuata.

"Unazika nini?"

"Ndama, mama. Hakuna zizi lisilofiwa na ndama."

"Mfunue."

"Mama, kwani nani ameona?"

"Bado. Mfunue ndio nione."

Akamfunua. Mkeo alitazama, akaingia ndani, akatuita sote sebuleni. Tulikaa kama watu waliokamatwa. Mkweo, mke wa mwanao, ndiye aliyeanza, akisema kwa sauti ya chini kwamba chama kinakuja kumchukua dume wiki inayofuata, na akishatoka langoni si wetu tena.

"Nikisema," mwanao akasema, "wataniambia mtoto wa Bwana Mkia ameshindwa hata kung'oa nywele. Jina la baba ndilo linalotulisha. Nani atanunua tena hapa?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini sote tulijua: dume yule akiingia katika mazizi yale yote yenye damu ya Waziri, ndama wa namna ile watazaliwa kila upande, kwa watu ambao hawatajua kimewapata nini.

Wakanigeukia mimi, mkubwa wa nyumba. Nikasema tungoje kidogo, tupime upepo.

"Shemeji," mkeo akaniambia, "wewe kila mahali umengoja kidogo, kisha ukachukua mfuko wako ukaondoka. Sisi ndio tunaobaki na watu hawa." Nilitazama viatu vyangu. Naye akaendelea, na sasa hakuwa akisema nami. "Siku ile mnadani nilimwona mume wangu amesimama peke yake. Nilikuwa garini. Aliporudi alifungua mlango akaniuliza kama nina joto, na vioo vyote hivyo nimefunga. Hakuniuliza kingine mpaka amekufa. Mimi jambo hili silifanyi mara ya pili."

Mkweo, yule yule aliyetaka tunyamaze, ndiye aliyeinuka kwanza. Alirudi na bahasha. Mwanao akaenda zizini, na dume wa Shangazi akasimama tuli wakati nywele zinang'olewa, mpole kama ulivyotaka wawe.

Bibi daktari alipiga simu. Anabeba.

Tulikwenda wenyewe kwa mwenyekiti wa chama, mkeo mbele, mwanao nyuma, mimi mwisho. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba yenu angetuambia mwaka jana." Dume ameshakwenda kwa mwenye bucha. Mwanao alimpeleka mwenyewe, akarudi akaosha zizi ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Ndugu yetu, wewe ulisema siku ile ile ulipojua. Sisi tulijua pa kuulizia, tukakaa mbali napo mwaka mzima huku tukipokea sifa zako. Watu wakitushika mkono na kutuambia tumekuenzi, tunatafuta pa kutazama.

Kwa hiyo wewe utuwie radhi kidogo, tuseme na majirani.

Mliopandisha kwa dume wetu tangu mwaka jana: ndama wenu wengi watatoka wazima, msiogope. Lakini mzima naye anaweza kubeba. Tafadhali asizalishwe yeyote mpaka apimwe, na jike aliyezaa ndama aliyepinda msimfiche, mleteni. Jumamosi hii bibi daktari atakuwa nyumbani kwetu. Asiyeweza kuja, mwanawe Bwana Mkia atamfuata hadi zizini kwake, na asubuhi hiyo atapanda jukwaani pale mnadani kuyasema haya kwa mdomo wake, karatasi hii isimsemee. Wa kucheka wacheke. Msione haya kuja kwetu. Haya ni yetu.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao, mkweo, wajukuu zako, na mimi kaka yako. Kila siku tutakayoamka na kufungua zizi hilo, tutakutaja.