Kaka, Breki Zilikuwa Nzima

Tabora, Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke nyumbani.

Kaka yangu Athumani,

Ulipozikwa sikuitwa. Sasa mwanao ameniandikia. Anasema ukoo umekubali nirudi Handeni nioneshwe kaburi lako, mradi nisimame mbele ya wazee niseme nilikosea mahakamani. Nimeona nikujibu wewe kwanza.

Unakumbuka ulivyolipenda lile lori la kijiji cha ujamaa? Uliliosha kabla hujanawa uso. Kwenye mteremko ulikuwa unatoa gia, unaliachia lishuke lenyewe ili kubana dizeli. Mkutanoni walikusifu kwa hilo, na mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nilipiga makofi kama wengine. Makofi yale sijayasahau.

Siku ile tulitoka Kwashemshi na shehena ya mahindi. Kwenye mteremko wa mwisho, karibu na nyumbani, ukatoa gia. Nikakwambia, "Taratibu, kaka." Ukacheka: "Mwalimu, funga mdomo, usije ukameza nzi." Konani walikuwepo akina mama wakitoka shamba. Ukakanyaga breki, zikashika, lakini lori lilishapata kasi, mzigo ukalisukuma mpaka kwao. Wengine waliruka. Jirani yetu Mama Rehema hakuwahi. Hospitali walimkata mguu juu ya goti.

Kabla ya kesi mjomba alinijia. "Sema breki zilikatika. Maneno mawili tu, unamwokoa ndugu yako." Wazee nao walimpelekea Mama Rehema mbuzi, ili yaishe nyumbani. Akawauliza, "Mbuzi huyu ndiye atakayenibeba kwenda shamba?" Nilikuwa nimekaa pale pale.

Basi nikamwambia hakimu nilichokiona: breki zilikuwa nzima, dereva alitoa gia. Ukafungwa, na leseni ikachukuliwa. Ulipopita na askari ukaniambia, "Leo umenifundisha, mwalimu." Wiki ile ile mama alinifungia mlango.

Najua kifungo chako hakikumrudishia Mama Rehema mguu. Lakini kijijini kila mtu alikuwa akisema ni bahati mbaya, ni amri ya Mungu. Hakimu alisema ni kosa, akamtaja aliyelitenda na aliyeumia. Nilitaka Mama Rehema alisikie neno hilo kwa masikio yake. Alilisikia.

Nilikupenda, kaka. Ni wewe uliyenishikia baiskeli nikijifunza, ukakimbia nyuma yangu mpaka Makuyuni. Na ingekuwa mimi niliyeshika usukani siku ile, sijui kama ningekushukuru kwa kusema kweli. Huenda ningekuchukia mpaka kufa, kama ulivyonichukia. Hata hivyo ungekuwa na haki ya kusema.

Nakuombea dua kila Ijumaa, huku huku niliko. Mwanao nitamjibu kwamba sina neno la kufuta.

Sitarudi.

Mdogo wako,
Hamza