Besi Iliyolia Kama Mbu

Baba Ruvarashe,

Nimetangulia arusini na bendi. Usiguse chuma cha kulehemu hapo dirishani, bado cha moto. Ugali wa sadza uko sufuriani, kuku kwenye bakuli. ~~Firigisi, haki ya baba wa nyumba, nimeila mimi.~~

Asubuhi nilipomaliza kufunga swichi kwenye gitaa langu la besi, ukanicheka mbele ya watoto: "Mama Ruvarashe, hiyo ni besi au mbu?" Nikakujibu ovyo, ukanuna, ukampigia dada yako aje kutupatanisha. Mwambie shangazi yao abaki kwake. Kosa nimeliona.

Chini ya nyuzi kuna vinasa sauti viwili. Swichi ikichagua kimoja, kinanguruma vizuri. Ikiviunganisha, sauti inakonda, maana nyaya za kimoja nilizifunga kinyume na za mwenzake. Vyote vizima, ila vinavutana. Unawafahamu wawili wengine wa hivyo? Dawa ni kugeuza kimoja tu, chochote kile.

Nimegeuza. Sasa besi inatikisa vikombe kabatini. Oga, uje ucheze muziki wetu wa sungura.

Firigisi nimeifunikia sahani ya bluu. Leo nimegeuka mimi. Kesho zamu yako.

Mama Ruvarashe (Mbu)