Kasufuria ka Kura

Kasongo, tarehe 2 mwezi wa sita 2025

Baba mupendwa,

Salamu aleikum. Macho inaendelea namna gani? Sisi wote tuko wazima, na bwana yangu Amisi anakusalimia sana.

Baba, munganga alisema moshi ya kuni itaharibu na jicho ya pili. Tangu mama atuache, unapuliza moto mwenyewe, ao unakula kwa mama Hawa wa jirani. Njoo ukae kwetu. Chumba iko tayari.

Mutoto wako, Mounira

Nyangwe, tarehe 9 mwezi wa sita

Mama yangu Mounira,

Waleikum salamu. Jicho ya kuume inaona. Ya kushoto inalia bila huzuni.

Asante kwa chumba. Lakini hii nyumba nilijenga na mama yako, siwezi kuifunga na kufuli. Rafiki yangu Musafiri aliona huko kwenu kasufuria kadogo ka kura, ni kusema ka umeme, hakana moshi. Mimi niko na plake ya jua na batri, Amisi mwenyewe alizifunga. Munitumie kamoja. Nikishindwa kupika, nitakuja kwenu bila maneno.

Baba yako, Hamadi

Kasongo, tarehe 20 mwezi wa sita

Baba mupendwa,

Tunakusalimia, na natumaini umelala vizuri siku hizi.

Tulienda soko. Muuzaji alinionyesha sufuria moja nyekundu, kubwa, ya kupendeza, nilitaka ile. Amisi akaigeuza, akasoma chini: wati elfu moja na mia tano. Akasema, "Hii itazima nyumba ya baba siku ya kwanza." Basi tulichukua kadogo keupe. Kako na moto mbili: mudogo ni wati mia tatu, mukubwa ni mia sita. Baki pa mudogo. Tumia mwiko, usikwangue na kijiko ya chuma. Ukiosha, usizamishe chini yake mu maji.

Mutu wa pikipiki atakuletea. Nitangoja mpaka katikati ya mwezi wa munane, kisha nitakuja kuona.

Mutoto wako, Mounira

Nyangwe, tarehe 29 mwezi wa sita

Mama yangu,

Niko muzima, nyinyi je? Kasufuria kalifika, hata kifuniko hakikupasuka.

Siku ya kwanza nilitia muchele kikombe moja, maji nikajaza mpaka juu. Ikakuwa uji. Nikatia sukari, nikakula. Siku ya pili nilipika sombe, majani ya muhogo, jua ikishuka. Batri ikaisha, taa ikazima, sombe bado mbichi. Nikaenda kula kwa mama Hawa, na haya usoni. Musafiri alinicheka, kisha akaniambia, "Pika saa sita, jua ikiwa juu ya kichwa."

Kesho ni samaki na mawese.

Baba yako, Hamadi

Kasongo, tarehe 11 mwezi wa munane

Baba,

Uko muzima kweli? Wiki sita hakuna barua, na simu yako haipite. Nimewaza mabaya mengi. Jumamosi nakuja na pikipiki mbili, moja ni yako. Funga nguo zako.

Mutoto wako, Mounira

Kasongo, tarehe 18 mwezi wa munane

Baba mupendwa,

Salamu aleikum. Nilifika salama, mavumbi tu ndiyo ilinichosha.

Nataka kukuandikia ile sikuweza kusema Jumamosi. Nilipiga hodi nikiwa na hasira tayari mu kinywa, na watu wane wakajibu karibu. Musafiri alikuwa anashika sahani. Na mama Hawa, mwenye alikuwa anakulisha kila siku, aliketi akingojea ya kwake. Akakuuliza, "Hamadi, umetia nini mu hii samaki?" Wewe ukafunika kasufuria, kama vile mama alikuwa anafunika sufuria yake wakimuuliza.

Nilipokuuliza juu ya barua, ukasema, "Saa sita napika, saa nane niko na watu. Nitaandika saa ngapi?" Jicho yako ya kushoto ilikuwa kavu. Niligeuka nitazame nje, sababu macho yangu haikukuwa kavu.

Pikipiki ya pili ilirudi tupu. Amisi alikuwa anangoja pa mulango. Akauliza, "Baba iko wapi?"

Nikamujibu, "Iko na wageni."

Mutoto wako, Mounira