Nukta ya Kibanja Chetu

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtu haanzi habari kabla ya salamu, basi ipokee huko ulipo, halafu nikueleze nilichofanya juzi.

Unakumbuka siku niliyokuambia ninasomea sayansi ya taarifa za mazingira? Ulikuwa umekaa mlangoni ukichambua kahawa. Ukauliza, "Ndiyo kuwa bwana shamba?" Nikasema hapana. "Ndiyo kompyuta?" Nikasema kidogo. Ukacheka: "Basi hata hao walimu wako hawajui." Hukukosea sana. Somo ni jipya mno, na pale chuoni bado wanabishana tukae na watu wa misitu au na watu wa kompyuta. Nikakueleza kwamba kazi yetu ni kukusanya habari za ardhi, mvua na magonjwa ya mimea, kuzipanga na kuzitunza, ili atakayezihitaji azikute na aziamini.

"Hilo la kuaminiwa ndilo gumu," ukasema.

Kisha nikarudi kijijini kwetu Kamuli na simu ya mradi wa chuo, kuandika mnyauko wa migomba, ugonjwa unaosafiri na miche, nyumba kwa nyumba, kila moja na kibanja chake cha migomba na kahawa. Palipo na mgomba mgonjwa naweka nukta nyekundu. Nilipofika kwetu ulinipeleka mwenyewe nyuma ya jiko. Migomba mitatu ilikuwa imenyauka, na ulipokata shina likatoa majimaji ya njano. Ulisimama na panga mkononi, mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walikuja kujifunza kwake namna ya kutandaza nyasi shambani.

"Kwangu ruka," ukaniambia. "Naing'oa leo, itaisha."

Maisha yangu yote hukuwahi kuniomba kitu. Nikaruka.

Ramani ikabandikwa ofisi ya kata. Kwetu hapakuwa na nukta, na watu wakaelewa kama ambavyo yeyote angeelewa, kwamba kwa mzee ni salama. Wakaja kuomba miche. Ungesemaje? Kwetu mche wa mgomba haunyimwi jirani wala hauuzwi, na ungekataa wangeuliza kwa nini. Mama Devota, yule mjane wa ng'ambo ya barabara, aliondoka na mitano kichwani huku akikuombea baraka. Nilikuwepo. Nilinyamaza, nawe ukanyamaza. Nina hasira nawe kwa hilo, Tata, na zaidi nina hasira na mimi mwenyewe.

Ulikufa kabla hujaona yaliyofuata. Tulikuzika kibanjani kama ulivyotaka, na haikupita miezi mingi migomba iliyokuzunguka ikaanza kunyauka. Tumeing'oa yote. Siku hizi kaburi lako linaonekana kutoka barabarani. Kwa Mama Devota nako imebaki kahawa na mistari ya maharage.

Juzi nilikwenda kwake. Nikapiga magoti mlangoni, nikamweleza yote tangu siku ile nyuma ya jiko.

"Na mzee alijua?"

Ningeweza kukuokoa hapo. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua. Nikamjibu, "Alijua. Hata mimi nilijua."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mimi nililaumu mvua," akasema. "Nikaja nikawalaumu mashemeji zangu, eti wameniroga. Mpaka leo hatusalimiani. Kumbe ni hivyo. Sasa mwanangu, na mimi niandike kwenye hiyo kompyuta yenu. Ila uandike na ugonjwa ulikotoka."

Tasnifu naikabidhi wiki ijayo. Msimamizi wangu aliniambia nukta moja haitabadilisha matokeo. Nikamwomba siku mbili. Jana asubuhi nilisimama kando ya kaburi lako na simu, nikabonyeza nukta nyekundu. Na kwenye safu ya Mama Devota, panapoulizwa miche ilitoka wapi, nimeandika: kibanja cha baba wa mwandishi.

Atakayesoma atajua ulinyamaza, na atajua nani alikuruka. Nilitaka sana ubaki yule mzee ambaye watu huja kuangalia shamba lake. Nisamehe, au unikasirikie, vyote nitavibeba.

Pumzika, Tata. Jumamosi ninakuja kufunika udongo wako kwa nyasi, na Mama Devota amesema atakuja na mashemeji zake.

Mwanao uliyemwomba aruke